Toleo Jipya Lisilo na Dibaji

Lemara, kusini mwa jiji la Arusha, pampasi huuzwa kama sigara, moja moja. Mangi, mwenye duka, hupasua pakiti kwa wembe, huzimwaga pampasi kwenye boksi lililo kando ya mizani ya sukari, na mfuko wenyewe huishia kubebea takataka. Mteja anataja saizi, anatoa mia tano, anaondoka na kitu kilichokunjwa mara tatu, hakina tarehe, hakina maelezo, wala hakisemi kilitengenezwa wapi. Kwenye mabenchi ya kliniki ya watoto utasikia kwamba pampasi za siku hizi zimeharibika. Mhakiki wa fani anayetaka kuyapima malalamiko hayo inabidi aanzie hapo dukani, kabla hajagusa pamba: kazi hii humfikia msomaji wake bila jalada.

Nimeweka mezani pampasi mbili za chapa moja, saizi moja, zote kutoka boksi moja la duka. Moja ni ya mzigo wa zamani, nyingine ni ya mzigo uliokuja baada ya kiwanda kubadilisha umbo. Jina la chapa naliacha. Ninachosoma ni namna ya kutengeneza ambayo viwanda vingi vimeielekea, na anayetaka kubishana nami apasue aliyo nayo nyumbani.

Tuanze kwa nje. Ya zamani inajaza kiganja. Mgongo wake ni nailoni inayong'aa, na ukiikunjua inapiga kelele kiasi cha kumwamsha mtoto uliyemlaza kwa tabu. Ile mpya imevikwa kitambaa chembamba kisichofumwa, haina kelele, na inaingia mfukoni mwa koti bila kuonekana. Kwa mkono tu, bila kuivaa wala kuivalisha, mtu yeyote angesema ile mpya ndiyo bora. Lakini tazama ukanda wa mbele, pale vishikizo vinaponata. Ya zamani ilikuwa na tarakimu, 1 hadi 3 kushoto na 1 hadi 3 kulia, ili anayefunga, hata kama ni dada wa kazi aliyefika juzi, asivute upande mmoja kuliko mwingine. Toleo jipya limezifuta tarakimu na kuweka wanyama wanaocheka. Sioni uamuzi mbaya kuliko huu katika kazi nzima, na ulikuwa rahisi kuuepuka. Maelekezo yaliyokuwa kwenye pampasi yenyewe yameondolewa, katika soko ambalo maelekezo ya pakiti hayamfikii mtu. Kilichobaki cha kusomeka ni ule mstari wa njano unaoshuka katikati, ambao hugeuka bluu ukiguswa na mkojo. Huo, nakiri, ni maandishi mazuri: hata bibi asiyejua kusoma anauelewa.

Sasa wembe. Ukizipasua kwa urefu utakuta mpangilio wa matabaka ni uleule: kitambaa laini kinachogusa ngozi, chini yake kipande kifupi cha kupokea mkojo na kuutawanya, kisha kiini, halafu nailoni ya kuzuia. Tofauti kubwa imo ndani ya kiini. Katika ya zamani kuna pamba nyingi, ambayo kwa kweli si pamba ya shambani bali nyuzi za mbao zilizochambuliwa, na ndani yake chembechembe nyeupe zilizotapakaa. Nikiikung'uta juu ya sahani ya bati, chembe chache zinadondoka. Ile mpya nikiikung'uta, zinamwagika na kugonga bati kwa sauti, na pamba inayobaki mkononi ni utando tu, ukiuinua dirishani mwanga unapita.

Chembe hizo ni polima iitwayo sodiamu poliakrileti, na kazi yake si sawa na ya pamba. Pamba hupokea upesi, ila ikikaliwa inarudisha. Polima huufunga mkojo ndani ya jeli na haiuachii hata mtoto aketi juu yake, lakini inahitaji muda. Fani ya pampasi yote ni mapatano kati ya hivyo viwili: pamba inaushika mkojo kwa zile sekunde za mwanzo na kuusambaza, polima inaufuata na kuufunga. Pamba ikipunguzwa kupita kiasi bila njia nyingine ya kuusambaza mkojo, chembe za mbele huvimba kwanza, hubanana, huziba. Mkojo wa pili ukija haupati pa kupenya, ingawa nyuma bado pakavu. Unatafuta kwingine, na unapapata pajani.

Ndiyo maana mama anaweza kukuonyesha pampasi iliyovuja mpaka shuka limelowa, huku nusu ya nyuma ya pampasi hiyo ikiwa kavu kabisa. Na kiwanda nacho kinaweza kutoa karatasi ya maabara inayoonyesha kwamba pampasi hiyohiyo inabeba mkojo mwingi kuliko ya zamani. Hakuna mwongo hapo. Maabara imepima ujazo, mama amepima kasi.

Wachuuzi wanaotangaza chapa mpya sokoni wana onyesho lao. Pampasi inatandazwa mezani, chupa ya maji inamiminwa katikati, mchuuzi anasubiri kidogo huku akisema na kipaza sauti, kisha anabandika karatasi ya tishu na kuinyanyua juu: kavu! Ni onyesho zuri, na linapotosha. Maji ya kunywa hayana chumvi ya mkojo. Polima hii ikikutana na maji yaliyosafishwa kabisa hunyonya mara mamia ya uzito wake. Ikikutana na chumvi kama iliyomo mwilini hushuka hadi mara 30 au 50 hivi. Tena mchuuzi anamimina taratibu, pampasi imelala bapa, hakuna mtu ndani. Mtoto wa miezi minane hana taratibu hiyo.

Kisa kinachojulikana zaidi cha wasomaji kulikataa toleo jipya kilitokea Marekani. Procter & Gamble ilianza kuuza Pampers mwaka 1961 mjini Peoria, jimbo la Illinois; zile za kwanza zilifungwa kwa pini. Polima ilipoingia miaka ya 1980 zikakonda. Mwaka 2010 kampuni ikatangaza mtindo ulioitwa Dry Max, wenye pamba kidogo zaidi na polima zaidi, unene ukiwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Kabla ya tangazo, baadhi ya pampasi hizo zilikuwa zimeshaingia madukani ndani ya pakiti za zamani. Wazazi wakajikuta wanafunga kitu wasichokijua chini ya jina wanalolijua, na watoto walipotoka vipele, wengi wakaamini wamepata sababu. Kati ya Aprili na mwisho wa Agosti 2010 tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilipokea taarifa karibu 4,700, zilizo nyingi katika mwezi wa Mei peke yake. Septemba ikatangaza kwamba haikupata sababu mahususi ya kuvihusisha vipele hivyo na Dry Max.

Mimi naikubali tume. Vipele vya makalio vina wazazi wengi: unyevu uliokaa, mkojo kukutana na kinyesi, msuguano, fangasi. Lakini malalamiko yale yalikuwa na sehemu ya pili ambayo hakuna maabara ingeweza kuijibu, kwamba umbo lilibadilishwa na jalada likaachwa lilelile. Hilo ni swali la uaminifu wa fani, na wazazi walikuwa na haki.

Wazazi waliifungulia kampuni kesi, na pande mbili zikaelewana. Wadai waliotajwa kwa majina wangepata dola 1,000 kwa kila mtoto, mawakili dola milioni 2.73. Wateja wengine wote wangeongezewa maneno machache ya ushauri kwenye boksi na tovuti, na mpango wa kurudishiwa fedha za boksi moja ungefufuliwa kwa yule mwenye risiti na msimbo uliokatwa kwenye boksi. Agosti 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ambayo makao yake yako Cincinnati, mji uleule wa kampuni, iliyatupa makubaliano hayo kwa kuwa mteja wa kawaida hakuwa anapata kitu cha maana.

Hebu yasome makubaliano hayo ukiwa umesimama kwenye duka la Mangi. Maneno kwenye boksi, risiti, msimbo: kila fidia imefungwa kwenye kile ambacho hapa hutupwa kabla mteja hajafika. Kilichowakera Wamarekani kwa miezi michache, yaani kupata pampasi mpya bila kuambiwa, Lemara ndiyo hali ya kila siku. Hata pakiti ya kiwanda ingekuwa na nyota kubwa ya kutangaza upya, nyota hiyo ingeonwa na Mangi peke yake, naye ana haraka.

Mwaka 2019 wanawake wa Kenya walilivalia njuga mtandaoni suala la jirani, pedi za Always, wakilalamika kwamba zinawachoma na wakihoji kama zinazouzwa Afrika ni sawa na zinazouzwa kwingineko. Kampuni, ambayo ni hiyohiyo ya Pampers, iliitetea bidhaa yake. Silirudii suala lile lote. Nalitaja kwa sababu walalamikaji walishikilia umbo: walisema uso wa pedi unafanyaje kwenye ngozi, kwenye joto, kwa saa ngapi. Huo ni uhakiki, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Nikirudi kwenye pampasi zangu mbili, swali ninaloliuliza ni nani aliyefikiriwa wakati umbo jipya linachorwa. Jibu limo kwenye kiini. Ni mzazi anayebadilisha kila baada ya saa tatu au nne, ambaye mtoto wake hakojoi mara ya tatu katika pampasi ileile. Kwa mzazi huyo toleo jipya ni kazi nzuri. Mikunjo ya mapajani imeinuliwa na kutiwa lastiki mbili badala ya moja, kitambaa cha ngozi kinabaki kikavu zaidi, na mgongo unapitisha hewa. Kiwanda nacho kina faida zake, maana pampasi ni bidhaa ya ujazo, na kontena la pampasi hujaa kabla halijawa zito. Ukizikondesha unasafirisha nyingi zaidi kwa nauli ileile. Gari la taka linaloelekea dampo la Muriet nalo linapata nafuu.

Mteja wa moja moja anaishi kwa ratiba nyingine. Mchana mtoto anavaa nepi ya kitambaa, na pampasi inawekwa akiba kwa ajili ya usiku, kanisani, msikitini au safari ya daladala. Ukungu wa Meru ukishuka Juni na Julai, nepi zinakaa kambani siku mbili na bado zina unyevu, kwa hiyo pampasi ya usiku inakuwa lazima, na ni moja tu, kutoka saa mbili mpaka alfajiri. Kwa msomaji huyu unene ulikuwa na maana. Ile pamba ya ziada ambayo mhandisi aliiona kuwa mzigo ndiyo iliyokuwa ikivumilia mkojo wa tatu. Hakuna aliyeandika kwenye pakiti kwamba uvumilivu huo umeondolewa, na kama angeandika, tumeshaona pakiti inakokwenda.

Basi wasomaji wamejitafutia mbinu ya kuyatofautisha matoleo. Nikiwa dukani nilimsikia mama mmoja akisema, "Mangi, nipe mbili za L, zile nene."

"Zote ni zilezile, mama."

"Zilezile za wapi? Hizi zinavuja. Lete boksi niangalie mwenyewe."

Akaingiza mkono akawa anabonyeza moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, akazitoa mbili za mzigo wa zamani, akalipa. Bei ni ileile kwa zote, kwa kuwa Mangi hana sababu ya kuzitenga. Zile nene zikiisha haziji tena.

Wanaobaki na nyembamba wanazihariri. Wanakata kanga kuukuu, wanaikunja mara nne na kuilaza ndani ya pampasi kabla ya kumvalisha mtoto. Kwa mantiki ya kiini wamepatia: kitambaa kinapokea haraka na kuipa polima muda, kazi ileile ya pamba iliyotolewa kiwandani. Kwa mantiki ya ngozi wamekosea, kwa sababu kitambaa kimekaa juu, kati ya mtoto na lile tabaka la ukavu, na kinamshikishia majimaji usiku kucha. Zaidi ya hapo kinaisukuma mikunjo ya mapajani ifunguke, na mikunjo ndiyo sehemu iliyoboreshwa kweli katika toleo jipya. Kama ni lazima kitambaa kiwekwe, kiwe chembamba, kiwe kifupi, kilazwe mbele tu ambako chembe hubanana kwanza, na kitolewe mara mtoto anapoamka kunyonya.