Kanisa Bila Kuta

Wazee wetu hawakungoja kengele ya kanisa ili wamulimie mujane shamba lake. Sasa viongozi wengine wa makanisa wanasema: kusaidia batu mu mitaa ni kwa kwanza, ibada ya siku ya Mungu ni ya nyuma. Neno hilo tunalisifu nusu tu. Kweli, tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliteketeza katedrali ya Goma, na Kanisa halikukufa. Hiyo inaonyesha kama kuta si kitu. Lakini siku ya Mungu ndipo tunaona nani amekosa, nani anagonjwa, nani iko mu matanga. Mwenye kuzarau ibada, atajua namna gani mulango wa kubisha? Tukusanyike kwanza, kisha tutoke na majembe.