Koo na Mkasi: Urithi wa Santuri za Salsoul

Wahakiki wa muziki wa disko wamezoea kuisifu kampuni ya Salsoul kwa utajiri wa ala zake, hasa fidla na tarumbeta za okestra iliyoongozwa na Vincent Montana. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Kampuni hiyo ndogo, iliyoasisiwa mjini New York na ndugu watatu wa ukoo wa Cayre katikati ya miaka ya 1970, ilizua swali zito zaidi: wimbo uliorekodiwa hukamilika lini, na ni mali ya nani?

Mwaka 1976 Salsoul ilitoa “Ten Percent” wa kundi la Double Exposure katika santuri ya inchi 12, ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani kwa umma. Mpiga santuri Walter Gibbons aliurefusha wimbo huo hata ukapita dakika 9. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hataona ajabu. Mtambaji naye huirefusha au huifupisha hadithi kwa kadiri ya hadhira iliyo mbele yake; na Gibbons, aliyezoea kuwatazama wachezaji usiku kucha, alijua ni wapi walipotaka ngoma iendelee.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka wake, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtambaji hutumia kinywa chake mwenyewe. Mpiga santuri hukata na kuunga sauti ya mwingine. Katika “Hit and Run” wa Loleatta Holloway, aliouchanganya upya mwaka 1977, Gibbons aliondoa sehemu kubwa ya beti zilizoandikwa, akayapa nafasi maneno na vilio alivyovibuni mwimbaji papo hapo. Uamuzi huo ulikuwa wa kihakiki hasa: ulitambua kwamba kiini cha kazi hakikuwamo katika matini ya mtunzi, bali katika koo la Holloway. Mkasi ulikuwa wa Gibbons. Ubunifu uliokatwa na kuungwa ulikuwa wa mwimbaji.

Madhara ya kutoitenga mikono hiyo miwili yalidhihirika baadaye. Mwaka 1980 Holloway aliimba “Love Sensation”, utunzi wa Dan Hartman. Mwaka 1989 kundi la Black Box kutoka Italia lilichukua vipande vya sauti yake bila idhini, likaunda “Ride on Time”, uliokaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki sita. Katika filamu ya wimbo huo, mwanamitindo alifumbua midomo kana kwamba sauti ni yake. Holloway alilipwa fidia baada ya kudai haki yake.

Salsoul ilifunga shughuli zake katikati ya miaka ya 1980, lakini santuri zake ziliwalea wapiga santuri wa Chicago walioujenga muziki wa house. Huo ndio urithi wake unaotajwa mara nyingi. Upo mwingine usiotajwa: deni kwa koo. Uhakiki unaomtukuza mwenye mkasi na kumsahau mwimbaji haujatofautiana sana na mkusanyaji anayechapisha ngano bila kumtaja bibi aliyeitamba.