Mkasi Ulioondoa Mtaa: Kosa la Mémoire

Katika mfululizo wa Mémoire wa mwaka 2006, mpigapicha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi nchini Kongo, aliunganisha picha za rangi za mabaki ya kampuni ya madini ya Gécamines kwa ustadi usio na dosari. Uamuzi wake mkuu, hata hivyo, ulikuwa kosa: aliwakata watu kutoka picha za kale za Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoitangulia Gécamines, akaziacha mandharinyuma zao, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyokufa.

Mandharinyuma, yaani kila kilicho nyuma na kando ya mtu pichani, ndiyo inayoushuhudia mtaa: mlango, kiti, jirani, mkono uliotua begani mwa mwenzake. Anayetaka kuwawazia wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake katika Kamalondo au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, enzi ya Wabelgiji anavitegemea vitu hivyo hasa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya mwaka 1940 haikuutaja uhusiano wa jinsia moja kuwa kosa, na palipokosekana kosa aghalabu hapakufunguliwa jalada. Kampuni nayo, ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwahimiza wafanyakazi waishi kambini na wake zao, ilitambua kaya ya namna moja tu, ya mume, mke na watoto. Asiyeingia humo alibakiwa na pembe ya picha ambayo mpigapicha hakuipanga. Mkasi ulipopita, pembe hiyo ilitoweka, na mtu akawa tena mfanyakazi mtupu, vilevile kampuni ilivyomtaka.

Mpigapicha Zanele Muholi wa Afrika Kusini, aliyeanza mfululizo wa Faces and Phases mwaka huohuo wa 2006, naye huyapunguza ya nyuma lakini humwandikia aliyepigwa picha jina, mahali na mwaka. Mfano bora zaidi, hata hivyo, uko Lubumbashi kwenyewe, mji uliowaacha mapema mno wachoraji wa ukumbusho, yaani picha za kutundikwa sebuleni ili ziamshe masimulizi. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi katika picha 101 miaka ya 1973 na 1974, alipokosa ushahidi aliliwaza tukio zima pamoja na mahali pake, kisha akalieleza kwa Kiswahili cha mji huu.

Njia hiyo ndiyo inayofaa, kwa sababu mchoro hukiri wazi kuwa umewazwa, haumbandiki marehemu asiye na jina mapenzi ambayo hakuyatangaza, na humlazimu msanii kuujenga ua wote, majirani wakiwemo.