Jeni ya Iceland na bibi wa Tura

Ukisoma tasnifu za uzamivu za siku hizi kuhusu Alzheimer, hukosi kukutana na TREM2. Inastahili. Mwaka 2013 watafiti waliochambua jinomu za watu 2,261 wa Iceland walionyesha kwamba badiliko moja adimu kwenye jeni hii ya kinga huongeza uwezekano wa kuugua karibu mara tatu. TREM2 husaidia maikroglia, askari wa ubongo, kuzingira uchafu wa protini. Kwa hiyo kinga ya mwili si mtazamaji tu. Hapo nawapa heko.

Ila mbona wengi wanaandika "hatari" bila kusema ni kwa nani? Badiliko hilo ni nadra mno kwa Waafrika. Hata APOE-e4, jeni maarufu kuliko zote, ilionyesha uhusiano hafifu na ugonjwa kwa Wayoruba wa Ibadan. Na usidhani Ibadan inatosha kutusemea: njia ya misafara iliyopita Tura kwenda Tabora ilichanganya watu wa pwani hadi Manyema.

Ugonjwa tunao. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikadiriwa kuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Huku kwetu magharibi, bibi anayebadilika tabia anaweza kuitwa mchawi, na tuhuma hiyo imeua vikongwe.

Kwa hiyo msomaji, ukishika tasnifu nyingine, anza na jedwali la washiriki. Uliza: damu ni ya nani?