Mutt hujuaje kwamba barua mpya imeingia?

Mutt, programu ya barua pepe inayoendeshwa kwa kibodi ndani ya dirisha la amri, huwachanganya wageni wake kwa jambo moja: barua zimeshachujwa na kugawanywa katika folda, lakini inayotangazwa ni ile ya folda iliyo wazi tu. Nyingine zinalala bila taarifa.

Tatizo huanzia kwenye orodha. Mutt haikagui folda ambayo haikutajiwa. Katika faili la .muttrc huongezwa mstari huu:

mailboxes =kazi =familia =benki

Alama = husimama mahali pa saraka kuu ya barua. Kuanzia hapo, kubonyeza nukta huonyesha folda zenye barua mpya.

Hata hivyo taarifa zinaweza kuchelewa, kwa kuwa muda hupangwa na vigezo viwili. Mail_check huweka sekunde 5 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Lakini Mutt inaposubiri kitufe kibonyezwe, anayeamua ni timeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 600. Usipogusa kibodi, unaweza kusubiri dakika nyingi. Ishushe hadi 15. Kwa barua zilizoko kwenye seva ya IMAP, ongeza mail_check hadi 60, maana seva huulizwa habari za folda moja moja.

Linalosumbua zaidi ni muundo wa folda. Katika mbox, barua zote hukaa ndani ya faili moja, na Mutt hulinganisha saa mbili za faili hilo: lilibadilishwa lini, lilisomwa lini. Likibadilishwa baada ya kusomwa, kuna barua mpya. Basi programu ya kuhifadhi nakala ikilisoma usiku, asubuhi Mutt inaona faili limeshasomwa, nayo inanyamaza. Kuwasha check_mbox_size husaidia, kwani Mutt hutazama ukubwa wa faili badala ya saa.

Maildir haina utata huo. Kila barua ni faili lake, na ile mpya huwekwa katika saraka ya new. Kusomwa na programu ya kuhifadhi nakala hakuihamishi. Anayeanza leo na achague Maildir.

Kisha aamue kuhusu mail_check_recent. Ikiwa imewashwa, kama ilivyo kawaida, folda uliyoifungua ukatoka bila kusoma haitatangazwa tena mpaka iingie barua nyingine. Anayetaka kukumbushwa aizime, pamoja na mark_old, ambayo huzihesabu kuwa za zamani barua ulizoacha bila kusoma.