Moto Uliojua Kulala

Kipupwe kinapoingia Likunja, bibi anayelijua jiko lake hana haraka ya kuwasha. Huchukua kuni mbili akazigonganisha. Zikilia kwa ukali, zimekauka, huzitia mafigani. Zikitoa mlio mzito, huzirudisha uchagani. Maganda ya korosho hayagusi kabisa, ingawa huku Ruangwa na Nachingwea yamejaa: mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua.

Kati ya mafiga hukutana ncha tu za kuni. Akitaka moto mkali, husukuma. Akitaka wa upole, huvuta nyuma. Chungu cha kunde huiva bila kufurika, na paa la nyasi hubaki mahali pake.

Lakini zamani ustadi wenyewe ulionekana usiku. Jiko lilikuwa banda la peke yake, mbali na chumba cha kulala, kuta zake za fito zikipitisha upepo. Baada ya chakula vinga vilichomolewa na kuzimwa mchangani, mabua na vijiti vikafagiliwa, likaachwa kaa moja nene la mti mgumu wa miombo. Hilo likafukiwa. Majivu huliminya hewa: lisiwake, wala lisizime. Alfajiri lilifukuliwa bado jekundu, likapulizwa juu ya nyasi kavu. Nyumba iliyoamka bila moto ilimtuma mtoto na kigae kwenda kupalia kwa jirani, na mama mwenye jivu baridi alitaniwa hadi adhuhuri. Haki yake! Moto wa kuota nao ulikokwa uani, mzee mmoja akikaa macho mpaka kinga cha mwisho kizimwe.

 

Siku hizi jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, dirisha la kioo likabanwa, watu wakalala na joto lao. Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye baridi kali ya Njombe na Makete, ila uzembe hauchagui mkoa. Moshi wa kuni ulikuwa na adabu ya kuonya. Uliwakohoza watu wakatoka. Mkaa uliokolea hautoi moshi. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayonyang'anya nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa huuma, viungo hulegea, usingizi hunoga. Wengine hawaamki.

Zamani haikuwa pepo. Moshi wa mafiga umeharibu macho na mapafu ya akina mama wengi, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Heri ije.

Kabla mtungi wa gesi haujafika kila kitongoji, anayenunua mkaa alitoe jiko nje kabla ya kutandika kitanda. Na atakayeshtuka usiku na kichwa kizito, jiko likiwa ndani, afungue mlango, awatoe watu wote nje, kisha awapeleke zahanati.