Kazi ya Eric Dunning na Tatizo la Neno "Ustaarabu": Usomaji kutoka Juba

Eric Dunning (1936–2019) aliitumikia sosholojia ya michezo katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, tangu enzi ambapo wanasosholojia wengi waliuona mpira kuwa jambo lisilostahili utafiti. Aliingia chuoni hapo akiwa mwanafunzi katika miaka ya 1950, akafundishwa na Norbert Elias, na ushirika wao ukazaa kitabu Quest for Excitement (1986). Miaka miwili baadaye, yeye pamoja na Patrick Murphy na John Williams walitoa The Roots of Football Hooliganism, uchambuzi wa ghasia za mashabiki. Makala haya hayakusudii kuusimulia wasifu huo. Yanahoji kinachotokea kazi hiyo inaposomwa kwa Kiswahili hapa Juba, ambako washauri wa sera hutamka, karibu kwa mazoea, kwamba michezo huleta amani.

Elias na Dunning hawakusema hivyo. Kwa maelezo yao, makabaila wa Uingereza ya karne ya 18 walijifunza kupokezana madaraka bungeni bila kuuana, na tabaka hilohilo ndilo lililoanza kuwekea burudani zake kanuni za kupunguza umwagaji damu. Bunge na mchezo vilikua pamoja, chini ya dola iliyokwisha kuhodhi matumizi ya nguvu. Anayetaka kuthibitisha kwamba kiwanja kinaweza kuitangulia dola hatapata hoja yake kwa Dunning. Mashindano ya Siku ya Umoja wa Kitaifa yalianza hapa Januari 2016 kwa msaada wa Japani kupitia JICA. Julai mwaka huohuo Juba ikawaka moto wa vita. Si haki kuyalaumu mashindano hayo, wala kuyabeza, kwani yaliendelea hata baada ya mapigano na vijana wa majimbo mbalimbali wakaendelea kukutana. Hata hivyo, yalikuwa yamebebeshwa mzigo ambao nadharia yenyewe haijawahi kuuweka juu ya mabega ya mchezo.

Tatizo la pili ni la lugha, nalo ndilo zito zaidi kwetu. Dhana kuu ya Elias, aliyoichapisha mwaka 1939, kwa kawaida tungeitafsiri "mchakato wa kustaarabika". Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa Mwarabu au kujifananisha naye. Pwani, maana hiyo imefifia. Anayemwambia mwenzake "staarabika" hamfikirii Mwarabu yeyote. Juba hali ni nyingine. Serikali ya Abboud (1958–1964) ilisukuma Kiarabu na Uislamu kusini kwa amri, ikaihamisha siku ya mapumziko kutoka Jumapili kwenda Ijumaa mwaka 1960, na mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni. Hapa Hai Amarat, mtaa wenye jina la Kiarabu, majirani huzungumza Kiarabu cha Juba bila kujiona Waarabu. Kuwaambia kwamba mpira "utawastaarabisha" vijana wao ni kuirudisha amri ileile kwa lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi hii ilijiunga nayo mwaka 2016. Napendekeza "kujizuia". Neno hili linapoteza majivuno ya Ulaya yaliyomo katika istilahi ya Elias, na hasara hiyo naikubali kwa moyo mweupe.

Ipo safari nyingine ya dhana ambayo wasomaji wa Dunning huipita haraka. Katika kueleza namna vikundi vya mashabiki vinavyogombana mtaa kwa mtaa, kisha vikaungana dhidi ya wageni wa mji mwingine, Dunning na wenzake walimtegemea Gerald Suttles, aliyetafiti mtaa wa makabwela huko Chicago. Wazo hilo la mgawanyiko wenye utaratibu lina chimbuko katika anthropolojia ya Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya koo za Wanuer mwaka 1940. Basi maarifa ya bonde la Nile yalikwenda Chicago, yakafika Leicester, na leo yanarudi Juba katika ripoti za Kiingereza kama utaalamu wa kigeni.

Kwa upande wa mieleka, Dunning anahitaji kupingwa. Wamundari na Wadinka wa Bor wamekuwa na mieleka yao bila bunge lolote la makabaila, na mashindano baina yao yamefanyika Juba kwa nia ya upatanisho. Ngoma, nyimbo na mashabiki vipo. Kanuni zipo pia. Jack Goody, aliyemfahamu Elias alipokuwa akifundisha Ghana mwanzoni mwa miaka ya 1960, alimlaumu kwa kuipima Afrika kwa kipimo cha Ulaya, na lawama hiyo inamgusa mwanafunzi wake pia. Mtafiti atakayekwenda kwenye mieleka hiyo aulize nani husimamisha pambano mtu anapoumia, neno la nani husikilizwa watazamaji wanapoingia uwanjani, na lugha zao huliitaje tendo la kujizuia. Majibu hayo yatangulie bajeti ya mashindano yajayo.